UZI: Ukoo wa Dudley na mapambano ya kurithi taji la Uingereza zama za Watudor

Wanajukwaa, salaam.

Kila linapotajwa jina la Dudley katika historia ya Uingereza ya karne ya 16, husimuliwa habari ileile: baba mwenye tamaa alimwoza mwanawe kwa binti wa damu ya kifalme, akamshawishi mfalme kijana aliyekuwa mgonjwa abadili urithi wa taji, na mwishowe akamponza binti wa watu asiye na hatia. Simulizi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini naiona ni finyu mno. Katika uzi huu nitatetea hoja moja, kwamba ukoo wa Dudley ulipandishwa na wafalme na si na ardhi wala nasaba kongwe, na kwamba ukoo wa namna hiyo hauna pa kuegemea mfalme wake anapofariki. Kwa watu hawa, swali la nani atarithi lilikuwa swali la kufa na kupona. Ushahidi wa kwanza ni huu: babu alikatwa kichwa mwaka 1510, mwanawe akakatwa kichwa mwaka 1553, na mjukuu akakatwa kichwa mwaka 1554. Vizazi vitatu mfululizo viliishia chini ya shoka, na kila kifo kilifuata kubadilika kwa mwenye kiti cha enzi.

Nianze na babu. Edmund Dudley alikuwa mwanasheria. Alikuwa mjukuu wa baron, yaani kabaila wa ngazi ya chini, ila tawi lake halikuwa na mali ya kutisha, na kilichomfikisha juu ni akili yake ya sheria na ya hesabu. Henry VII, mfalme wa kwanza wa Watudor, aliutwaa ufalme kwa vita mwaka 1485, na hakuwaamini makabaila wake. Njia yake ya kuwadhibiti ilikuwa ni kuwafunga kwa madeni: bwana mkubwa alitakiwa kutia saini hati ya kukiri kwamba atamlipa mfalme fedha nyingi endapo atakosa uaminifu, na hati hiyo ikawekwa akiba kama kitanzi kilicholegezwa. Waliokuwa wakiziandika na kuzidai hati hizo ni Edmund Dudley na mwenzake Richard Empson. Fedha iliingia hazina ya mfalme, chuki ikawarudia wao.

Henry VII alifariki tarehe 21 Aprili 1509, na siku chache tu baadaye wote wawili walikuwa wamekamatwa. Mfalme mpya, Henry VIII, alikuwa bado hajatimiza miaka 18 na alihitaji kupendwa haraka. Hakuwa na njia rahisi zaidi ya kuwatoa kafara watumishi wa baba yake, ingawa walichofanya walikifanya kwa amri na kwa faida ya baba huyohuyo. Tarehe 17 Agosti 1510 Edmund alikatwa kichwa kwa kosa la uhaini. Aliacha mtoto wa kiume wa miaka kama sita hivi, jina lake John.

Nawaomba mmkumbuke mtoto huyo, kwa sababu maisha yake yote yalikuwa na funzo hilo: mtumishi mkubwa wa mfalme aliyekufa ni mtu aliye hatarini kuliko wote nchini.

John Dudley alilelewa na Sir Edward Guildford, akamwoa binti yake, Jane Guildford, na wakazaa watoto 13, ingawa wengi hawakufika utu uzima. Alipanda ngazi kwa upanga na kwa utumishi. Mwaka 1543 aliteuliwa kuwa mkuu wa jeshi la majini, na Henry VIII alipofariki Januari 1547 alikuwa miongoni mwa watu 16 waliotajwa katika wosia kuwa wasimamizi wa utawala wa mtoto Edward VI, aliyekuwa na miaka tisa. Mwanzoni mamlaka yalishikwa na mjomba wa mfalme, Edward Seymour, Duke wa Somerset. Ukaja mwaka 1549 na maasi yake, Dudley akawashinda waasi wa Robert Kett huko Norfolk tarehe 27 Agosti, akarudi London na sifa ya ushindi na askari nyuma yake, na kufikia Oktoba Somerset alikuwa ameondolewa madarakani. Mwaka 1551 Dudley alipewa cheo cha Duke wa Northumberland, cheo cha juu kabisa cha kikabaila. Januari 1552 Somerset alikatwa kichwa, na sina nia ya kumsafisha Dudley katika kifo kile; mashtaka mengi yalikuwa dhaifu na yeye ndiye aliyenufaika.

Hapa inabidi nimtaje ukoo wa pili, maana bila wao habari ya mwaka 1553 haieleweki. Ukoo wa Howard, Maduke wa Norfolk, ulikuwa kinyume cha Dudley kwa kila hali. Ulikuwa na mashamba makubwa mashariki mwa Uingereza, ulikuwa na wapangaji na watumishi waliorithishana utii kwa vizazi, na ulikuwa umetoa wake wawili wa Henry VIII kwa upande wa ndugu, yaani Anne Boleyn, ambaye mama yake alikuwa Howard, na Catherine Howard. Mwishoni mwa utawala wake Henry VIII aliwageuka. Henry Howard, Earl wa Surrey, alikatwa kichwa tarehe 19 Januari 1547. Baba yake, Thomas, Duke wa Norfolk, alikuwa anasubiri zamu yake katika Mnara wa London, akaokolewa na kifo cha mfalme usiku wa kuamkia tarehe 28. Alibaki kifungoni miaka yote ya Edward VI. Mali yake ikagawanywa, na sehemu kubwa, pamoja na jumba la Kenninghall na baadaye ngome ya Framlingham, ikaangukia mikononi mwa Mary, binti mkubwa wa Henry VIII. Waliomkabidhi mali hiyo hawakujua kwamba wanampa mahali pa kusimamia siku atakapodai taji.

Sasa tuingie kwenye hati yenyewe. Kisheria mambo yalikuwa wazi. Sheria ya Bunge ya mwaka 1544 ilisema Edward akifa bila mtoto atarithiwa na Mary, kisha Elizabeth, ingawa wote wawili walikuwa bado wanahesabiwa kuwa watoto wa nje ya ndoa. Wosia wa Henry VIII ukaongeza kwamba baada yao wafuate wazao wa dada yake mdogo, yaani ukoo wa Frances Brandon, mama yake Jane Grey. Wazao wa dada mkubwa, waliokuwa wafalme wa Scotland, walirukwa.

Mwanzoni mwa 1553 Edward aliugua kifua, na hakupona. Alikuwa Mprotestanti wa kweli, tena mkali, na Mary alikuwa Mkatoliki asiyetikisika. Kwa mkono wake mwenyewe Edward aliandika rasimu ya urithi, na karatasi hiyo ipo hadi leo katika maktaba ya Inner Temple jijini London. Rasimu ya kwanza haikumpa mwanamke yeyote taji. Iliwapa wana wa kiume watakaozaliwa na Frances, kisha wana wa kiume watakaozaliwa na Jane, kisha wadogo zake. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wana hao aliyekuwa amezaliwa. Mfalme alipozidiwa, palepale kwenye karatasi ileile, maneno “warithi wa kiume wa Lady Jane” yalibadilishwa yakawa “Lady Jane na warithi wake wa kiume”. Katika Kiingereza cha hati hiyo, herufi moja ilikatwa na maneno mawili yakachomekwa juu ya mstari. Mabadiliko madogo kiasi hicho yalihamisha taji la Uingereza kutoka kwa dada wawili wa mfalme hadi kwa binti wa miaka kama 16.

Je, ni nani aliyemsukuma? Dudley alikuwa na kila sababu. Mei 1553 mwanawe Guildford alikuwa amemwoa Jane Grey katika jumba la Durham House, na siku hiyohiyo Catherine, mdogo wake Jane, aliozwa kwa Henry Herbert, mwana wa Earl wa Pembroke. Hata hivyo, nikiisoma ile rasimu ya kwanza naona mawazo ya Edward mwenyewe. Mtu anayepanga kumtawaza mkwewe hamwandikii mfalme hati inayowanyima wanawake wote. Naamini mpango ulikuwa wa kijana mfalme, na Dudley aliukamata kwa mikono miwili alipoona kwamba bila huo yeye atakuwa Edmund wa pili.

Majaji waliitwa Juni. Edward Montagu, mmoja wa majaji wakuu, alieleza kwamba sheria ya Bunge haiwezi kufutwa kwa hati ya mfalme, na kwamba kubadili urithi kunaweza kuhesabiwa uhaini. Kwa maelezo aliyoyatoa Montagu mwenyewe baadaye, Dudley aliingia akitetemeka kwa hasira, akasema yuko tayari kupigana na mtu yeyote katika jambo hilo akiwa amevaa shati tu. Kisha mfalme akawaamuru majaji kwa ukali, nao wakatii. Hati rasmi ya tarehe 21 Juni ilitiwa saini na watu zaidi ya 100: wajumbe wa Baraza la washauri wa mfalme, makabaila, majaji, maaskofu na wakuu wa jiji la London. Bunge lilitarajiwa kuithibitisha baadaye. Edward alifariki tarehe 6 Julai, kabla Bunge halijakutana, na kwa maoni yangu hapo ndipo mpango ulipovunjika mguu.

Tarehe 9 Julai Jane alipelekwa Syon House. Aliyetumwa kumchukua ni Mary Sidney, binti wa John Dudley. Alipoambiwa kuwa yeye ni malkia, alilia na kusema haki hiyo si yake. Tarehe 10 alitangazwa London na kuingizwa katika Mnara. Watu wengi hudhani Jane alikuwa kikaragosi cha wakwe zake. Sikubaliani nao. Alipodaiwa amfanye mumewe Guildford kuwa mfalme, alikataa, akasema yuko radhi kumpa cheo cha duke na si zaidi. Mama mkwe alikasirika na Guildford akanuna, lakini binti hakubadili neno. Kama Dudley alikuwa amepanga ufalme wa kizazi chake, aliuona ukikwama ndani ya siku mbili mbele ya binti mchanga wa siasa asiye na askari hata mmoja.

Wakati huo Mary alikuwa ameshaonywa. Aliondoka Hunsdon kabla kaka yake hajakata roho, akapita njia za vijijini hadi Kenninghall, na kutoka hapo akaliandikia Baraza kudai taji lake. Robert Dudley, mwana mwingine wa Duke, alitumwa na wapanda farasi wapatao 300 kumkamata, akamkosa. Mary akahamia Framlingham, ngome ya zamani ya Howard, na wakuu wa Norfolk na Suffolk wakamiminika kwake na watu wao. Nadhani mnaona sasa kwa nini nilimtaja Howard. Mzee Thomas alikuwa bado amefungwa London, asingeweza kunyanyua kidole, lakini ardhi yake na mazoea ya utii ya mashariki yalikuwa yanamfanyia kazi Mary. Na mashariki ndiko Dudley alikowaua waasi wa Kett miaka minne tu kabla. Si ajabu hakupata rafiki huko.

Tarehe 14 Julai ilimbidi Dudley mwenyewe aongoze jeshi. Earl wa Arundel alimuaga kwa kusema anasikitika kwamba haendi naye, kwani angekuwa radhi kumwaga damu yake mwenyewe miguuni pa Dudley. Walipokuwa wakipita Shoreditch, Dudley alimwambia mwenzake kwamba watu wanasongamana kuwatazama, lakini hakuna hata mmoja anayewatakia heri. Karibu na Yarmouth mabaharia wa meli zilizotumwa kumzuia Mary waligoma, wakampa Mary mizinga yao. Habari hiyo ilipofika London, wajumbe wa Baraza walianza kujiponyosha mmoja baada ya mwingine. Tarehe 19 Julai walimtangaza Mary, na jiji likalipuka kwa kengele na mioto ya furaha. Siku iliyofuata Dudley alimtangaza Mary huko Cambridge kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyekuja kumkamata ni Arundel yuleyule.

Kesi yake ilisikilizwa tarehe 18 Agosti, na aliyeiongoza ni Thomas Howard, Duke wa Norfolk, aliyetoka kifungoni majuma machache nyuma akiwa na miaka karibu 80. Dudley aliuliza maswali mawili. La kwanza, je, mtu aliyetenda kwa idhini ya muhuri mkuu na kwa amri ya Baraza anaweza kuwa mhaini? La pili, je, watu walioshiriki kosa lilelile wanaweza kukaa na kumhukumu? Alijibiwa kwamba muhuri wa mnyang'anyi si muhuri, na kwamba wale wengine hawajahukumiwa na sheria, kwa hiyo wanaweza kuhukumu. Kisheria jibu lilisimama. Lakini saini za waamuzi kadhaa zilikuwa kwenye hati ya tarehe 21 Juni, na kila mtu ukumbini alijua. Tarehe 22 Agosti alikatwa kichwa, baada ya kurudi hadharani kwenye Ukatoliki. Jane na Guildford waliuawa tarehe 12 Februari 1554, kufuatia maasi ya Thomas Wyatt dhidi ya Mary, ambayo baba yake Jane alijiingiza.

Wana wanne wa Duke waliobaki walikaa katika Mnara chini ya hukumu ya kifo. Ukienda kwenye jengo la Beauchamp Tower utauona mchongo wa mkubwa wao, John, kwenye jiwe la ukuta. Kuna dubu na gogo lenye vifundo, nembo waliyojinasibisha nayo, na kandokando yake kuna mapambo ya maua na majani: mawaridi yanayosomwa kuwa ni Ambrose, majani ya mwaloni na matunda yake kwa Robert, na maua mengine mawili kwa Guildford na Henry. Chini yake kuna beti inayomwambia mtazamaji atafute majina ya ndugu wanne. John alifariki Oktoba 1554, siku chache baada ya kuachiwa. Mama yao alizunguka kwa wakuu wa Wahispania waliokuja na Philip, mume wa Mary, akiwaombea wanawe, na akafariki Januari 1555. Henry aliuawa vitani St Quentin mwaka 1557. Walibaki Ambrose na Robert.

---

Nyongeza ya kwanza. Ndugu mmoja ameuliza kwa nini Pembroke, aliyekwisha kuunganishwa na mpango kwa ndoa ya mwanawe, alikuwa wa mbele kumgeuka Dudley. Jibu langu ni kwamba ndoa ile haikuwa imemfunga. Bwana mwenye ardhi yake na watu wake anaweza kubadili upande na kesho akabaki yuleyule. Pembroke alimwondoa Catherine Grey nyumbani kwake, ndoa ikabatilishwa, na yeye akaendelea kuketi katika Baraza la Mary. Dudley hakuwa na mlango huo. Saini ilikuwa ya wengi, lakini uso wa mpango ulikuwa wake peke yake.

Nyongeza ya pili. Mwingine ameuliza iwapo Robert Dudley, kipenzi cha Elizabeth I, anaivunja hoja yangu, kwa kuwa alifariki kitandani mwake. Ni swali zuri, na naona Robert anaithibitisha. Elizabeth aliporithi Novemba 1558 alimteua mara moja kuwa msimamizi wa farasi wake, kazi iliyomweka karibu naye kila siku. Kila alichokuwa nacho kilitoka kwake. Mkewe, Amy Robsart, alipokutwa amekufa chini ya ngazi huko Cumnor tarehe 8 Septemba 1560, baraza la uchunguzi lilisema ni ajali, lakini minong'ono ilitosha kuifanya ndoa ya Malkia na Robert kuwa hatari kwa taji lenyewe.

Tazameni pia Oktoba 1562, Malkia alipougua ndui na ikadhaniwa atakufa bila mrithi. Kwa taarifa ya balozi wa Hispania, aliwaomba wajumbe wamfanye Robert kuwa mlinzi wa ufalme na wampe paundi 20,000 kwa mwaka. Aliyemuuguza alikuwa Mary Sidney, yuleyule aliyempeleka Jane Syon House. Aliambukizwa, na uso wake ukaharibika kwa makovu. Wakati huohuo, mmoja wa waliotajwa kuwa warithi alikuwa Earl wa Huntingdon, ambaye mkewe alikuwa Katherine Dudley. Kwa hiyo, miaka tisa baada ya Jane, ukoo huu ulikuwa tena umesimama pande zote za kitanda cha mtawala mgonjwa. Elizabeth alipona. Nina hakika kwamba kama angefariki juma lile, Robert asingefika mwisho wa mwaka.

Alichojifunza Robert ni kutoshika hati ya urithi peke yake. Alipewa cheo cha Earl wa Leicester mwaka 1564, na mwaka 1569 aliunga mkono mpango wa ndoa kati ya Mary, malkia wa Scotland aliyetazamwa kuwa mrithi wa Elizabeth, na Duke wa nne wa Norfolk, mjukuu wa yule mzee Thomas, lakini upepo ulipogeuka alimweleza Malkia kila kitu. Norfolk aliendelea na mawasiliano ya siri na akakatwa kichwa tarehe 2 Juni 1572. Safari hii aliyeponzwa na urithi wa taji ni Howard, na aliyenusurika ni Dudley, kwa sababu alikimbilia mahali pekee alipokuwa na nguvu, yaani kwa Malkia.

Nyongeza ya tatu, kuhusu uzao. Robert alimwoa Lettice Knollys kwa siri mwaka 1578, Malkia akakasirika mno, na mtoto wao wa kiume akafariki mwaka 1584 akiwa mdogo. Robert mwenyewe alifariki tarehe 4 Septemba 1588, na Ambrose akamfuata mwaka 1590 bila kuacha mtoto. Kulikuwa na mwana mwingine, naye akiitwa Robert, aliyezaliwa mwaka 1574 na Douglas Sheffield. Taji lilipopita kwa James wa Scotland mwaka 1603, kwa wazao walewale waliorukwa na wosia wa Henry VIII, kijana huyo alikwenda mahakamani kuthibitisha kwamba wazazi wake walikuwa wameoana kihalali. Mwaka 1605 mahakama ilimkatalia. Aliondoka Uingereza, akahamia Florence, akawatumikia watawala wa Medici kama mjenzi wa meli na mchora ramani za bahari, na hakurudi tena.

Mwenye nyongeza kuhusu kesi hiyo ya 1605, au mwenye maoni tofauti kuhusu rasimu ya Edward, aiweke hapa tuijadili.